Mama Cherono na Ugonjwa Wangu

Nilipokuwa mtoto kule Olenguruone, magoti yangu yalipinda kurudi nyuma, na kidole gumba nilikikunja mpaka kikagusa kigasha cha mkono. Jirani yetu, Mama Cherono, alipenda kunishika vidole. "Huyu mtoto hana mifupa kabisa," alisema siku moja akicheka, mbele ya Gogo, nyanya yangu.

Wiki hiyo nilianguka gwarideni shuleni. Tulikuwa tumesimama tukiimba wimbo wa taifa, moyo ukaanza kwenda mbio, macho yakaingia giza. Nilipoamka midomo ilikuwa imevimba na ngozi ina mabaka mekundu.

"Ni jicho baya la Mama Cherono," Gogo akasema. "Nilimwambia asimsifu mtoto."

Kwetu, anayeshukiwa kuwa na jicho huitwa amtemee mtoto mate kifuani ili ubaya utoke. Mama Cherono alikuja. Hakubishana. Alinitemea kidogo, akanifuta kwa leso yake, akaenda. Kisha Gogo akanilaza, akaniinua miguu juu ya mto na kuninywesha supu yenye chumvi nyingi. Jioni nilikuwa nacheza, na kila mtu akasadiki kuwa lilikuwa jicho. Tangu hapo akina mama walifunika watoto wao Mama Cherono akipita.

Niliendelea kuanguka. Nilikuwa tayari mwalimu katika mtaa wa Kaptembwo wakati daktari mmoja mjini alinipima mpigo wa moyo nimelala, akanisimamisha, akapima tena. Alisema ni matatizo matatu ambayo mara nyingi huandamana: viungo vilivyolegea tangu kuzaliwa, neva zinazoshindwa kuongoza damu ya kutosha ifike kichwani nikisimama, na seli za kinga zinazoshtuka ovyo na kunivimbisha. Hayaponi, ila yanatulizwa. Akanipa dawa, akaniambia niongeze maji na chumvi, na nikiona kizunguzungu nilale niinue miguu. Nilicheka, naye hakujua kwa nini.

Shule zilipofungwa nilienda kwa Mama Cherono. Gogo alikuwa ameshafariki. Nilimweleza Mama Cherono polepole aliyosema daktari.

"Kwa hivyo ulizaliwa nayo?"

"Nilizaliwa nayo, mama."

"Si mimi."

"Si wewe."

Aliendelea kumenya viazi. "Hata mimi niliamini nina jicho," akasema. "Wajukuu wangu wote sijawahi kuwabeba."

Gogo alinipenda, na supu yake ilinifaa, simlaumu. Lakini mimi nilipata daktari na dawa. Wale wajukuu wa Mama Cherono sasa wananyoa ndevu, hawabebeki tena.