Mashine ya Tepu Itakayokubali

Mtunza kompyuta wa chama chetu cha wakulima hapa Migori hupapasa plagi kama daktari anayetafuta mshipa. Kompyuta yetu ni ya mfumo wa Unix, ya zamani, na diski yenye rekodi za wanachama wote imeanza kukwaruza. Inataka mashine ya tepu ya kunakilia rekodi hizo kabla diski haijafa. Ameshaleta kadhaa kutoka Oyugis. “Hii huenda ikakubali,” husema, kisha huipanga rafuni na kuipangusa kila asubuhi.

“Si uichomeke, omera?” meneja wetu, Celestine, alimwuliza jana.

“Lazima kwanza niizime kompyuta, madam.”

“Basi zima!”

Akaweka kidole kwenye swichi, akakiacha hapo. Diski ikakwaruza.

“Na ikikataa kuwaka tena?”

Celestine akaitazama rafu ya mashine.

“Leta nyingine,” akasema.