Fundi mitambo wa Nzega na maiki ya baba mkwe

Jua la alasiri linawaka kwenye uwanja wa vumbi nje kidogo ya mji wa Nzega. Jenifa Raymundi amepiga magoti kando ya jenereta, kiganja chake kikiwa juu ya uso wa spika.

"Nasikiliza kwa mkono," anasema. "Spika yenye afya inapumua. Ikianza kushtukashtuka, ujue inaumizwa."

Ng'ambo ya uwanja wapinzani wamepanga spika zao moja juu ya nyingine mpaka zimewapita watu urefu. Ni msimu wa baada ya mavuno, msimu wa mashindano ya ngoma. Vikundi viwili hupiga kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji huamua kwa miguu yao. Jua likikaribia kuzama, mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Jenifa, mwenye umri wa miaka 31, ndiye fundi mitambo wa kikundi kinachoongozwa na Mzee Ngollo, manju, yaani mwimbaji kiongozi, aliyeimba katika viwanja vya Nzega na Igunga tangu ujana wake. Mzee Ngollo ni baba yake mume wa Jenifa.

Mwaka juzi mzee aliugua kifua. Alipona, lakini sauti ilirudi nyembamba. Msimu uliopita watu walianza kumkimbia katikati ya wimbo, na wazee wa kikundi wakakubaliana kwamba yakitokea tena mwaka huu, usinga wa manju, alama ya uongozi wake, utakwenda kwa Masolwa, kijana mwenye kifua kipana.

"Baba hana ng'ombe wengi, hana duka," anasema Jenifa. "Ana kuimba. Akinyang'anywa hicho, sijui ataamkia nini asubuhi."

Mwenyekiti wa kikundi, Benjamini Masanja, naye anampenda mzee, ila dawa yake ilikuwa nyingine. Katika shindano la kwanza la msimu alipita nyuma ya Jenifa, akazungusha volyumu mpaka mwisho. Spika mbili zikaungua.

"Nilitaka mzee asikike," anasema Benjamini, akicheka kwa aibu. "Nikasema tuuze dume moja la ng'ombe tununue amplifaya yenye wati mara mbili. Huyu binti akanikatalia."

Jenifa alijifunza kazi kwa mjomba wake Rashidi, fundi redio wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini. Alianza kwa kufagia vipande vya nyaya, akaishia kushika chuma cha kulehemu. Anaeleza bila haraka, kama anayemenya karanga.

"Watu wanadhani wati mara mbili ni sauti mara mbili. Sikio halihesabu hivyo. Ukiongeza wati mara mbili, sikio linaona nyongeza ndogo tu. Ukitaka lione sauti imekuwa mara mbili, tafuta wati kama mara kumi."

Na volyumu?

"Volyumu haiipi amplifaya nguvu isiyokuwa nayo. Ikishafika mwisho wa uwezo wake, ukizidi kuzungusha unaongeza mikwaruzo tu. Mikwaruzo ndiyo inaunguza spika."

Lakini ugonjwa wa mzee, Jenifa aliuona mapema, haukuwa kwenye amplifaya. Mzee Ngollo alikuwa akiishika maiki kifuani, kwenye moyo, kama manju wa zamani walivyoweka mkono wakiimba. Sauti ikawa inafika kwenye maiki imechoka. Jenifa akiongeza volyumu, maiki inasikia spika kuliko inavyomsikia mzee, na mluzi mkali unapasua uwanja. Amplifaya kubwa ingepiga mluzi uleule.

Kilichotakiwa ni maiki kupanda kutoka kifuani mpaka mdomoni.

Hilo ndilo Jenifa hakuweza kulisema. Katika ukoo huu mke wa mtoto hamwelekezi baba mkwe, hamsogelei, wala hamgusi mkono. Kwa miaka tisa ya ndoa, mazungumzo yao yamekuwa "shikamoo, baba," akiwa amepiga magoti, na "marahaba," mzee akiwa anatazama pembeni. Mume wake, dereva wa lori, alipoombwa apeleke ujumbe alicheka: "Nimfundishe baba kuimba? Mimi?"

Jenifa akaenda kwa mama mkwe wake, Mama Theodora. Jioni moja, wakiwa jikoni wanapepeta mchele, alimweleza yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akajipangusa mikono, akatoka uani alikokaa mumewe.

"Wewe mzee," alimwambia, "ulipokuwa unanitongoza, ulinipigia kelele kutoka ng'ambo ya mbuga?"

"Hapana."

"Ulifanyaje?"

"Nilikuja sikioni."

"Basi hicho kidude unachokishika kifuani ni sikio la watu. Nalo lisogelee."

Jenifa alisikia yote kutoka jikoni. Anasema aliinamisha kichwa kwenye ungo ili mama asimwone akitabasamu.

Leo uwanjani ngoma zinaanza. Wapinzani wanafungulia kila walichonacho. Mzee Ngollo anasimama, usinga mkono wa kulia. Mkono wa kushoto unaanzia kifuani. Halafu, taratibu, unapanda mpaka midomo inakaribia kugusa maiki.

Jenifa anawahi kupunguza volyumu. Sauti inayotoka si kubwa. Ni ya karibu. Hata pumzi yake inasikika. Wanawake wenye watoto mgongoni ndio wanaosogea kwanza. Upande wa pili wanaongeza, spika zinakwaruza, na watu wanaanza kuvuka uwanja.

Katikati ya wimbo wa tatu mzee ananyamaza. Anageukia jenereta.

"Mkwe wangu," anasema kwenye maiki, uwanja mzima ukimsikia, "punguza tena. Wanisogelee."

Watu wanacheka, wanapiga vigelegele. Jenifa anapunguza.

Jua linapokaribia kuzama, vumbi la upande wa wapinzani limeshatulia. Watu wako huku. Wazee wa kikundi wanateta kwa muda mfupi tu. Usinga unabaki kwa Mzee Ngollo, na Masolwa ndiye wa kwanza kumpa mkono.

Wakati wa kukunja nyaya, Jenifa anataja mpango wake: kabla mvua hazijaanza, anataka kurekodi nyimbo zote za mzee, ndani ya nyumba, milango ikiwa imefungwa, maiki ikiwa mdomoni. Tatizo ni desturi. Yeye na baba mkwe hawawezi kukaa chumba kimoja peke yao.

"Nitakaa katikati yenu," anadakia Mama Theodora, aliyekuwa akimsaidia kubeba spika ndogo. "Na mkinisahau humo ndani mkaanza kuzungumza, mimi sitawashtaki kwa mtu."