Fungu la Asubuhi na Kikombe cha Lindo

Nawaandikia wenzangu wa ugonjwa wa sukari, hasa ninyi mnaotoka kwa daktari na maneno mengi kichwani na njaa tumboni, mkidhani maisha ya kushiba yamekwisha. Mimi niliishia darasa la nne. Sitawafundisha udaktari. Nitasema yaliyonipata na jinsi nilivyotoka, na mkiona nimeruka jambo, jueni nimeinuka kwenda kutazama jiko. Asubuhi sikai kitini muda mrefu.

Naitwa Biira. Nilizaliwa Bwera, nikaolewa na Candia, polisi kutoka Arua. Yeye hakujua Kikonjo, mimi sikujua Kilugbara, kwa hiyo tulipendana kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili. Tuliishi Kasese katika laini za polisi, yaani makazi ya askari na familia zao, ndani ya kibanda cha mabati cha duara. Saa sita mchana kibanda kile kilikuwa kama sufuria iliyofunikwa. Hatukupata mtoto. Nilikuwa mnene, wanawake wa laini wakaniita Tangi, nami nikaitika. Nilipika, nilifua magwanda, nilicheka sana.

Candia alilinda stesheni ya reli usiku. Katika laini zile palikuwa na desturi moja. Mwanamke ambaye mume wake yuko lindo, asubuhi lazima awe na kikombe tayari: chai ya maziwa, sukari nyingi, kimefunikwa kwa kisahani na kuwekwa kando ya makaa kisipoe. Tulikiita kikombe cha lindo. Mume akirudi akakikosa, habari ilifika mpaka nyumba ya mwisho. Asubuhi moja nilichelewa, na mke wa sajini akanipigia kelele mbele ya bomba la maji, “Mama Polisi, bwana yako nalinda stesheni, wewe nalinda kitanda?” Nilicheka, lakini sikuchelewa tena.

Mimi mwenyewe asubuhi sikula. Wanawake wengi wa laini tulikuwa hivyo. Tulikunywa chai ya rangi tukisimama, tukasubiri mchana.

Halafu Candia akafa. Lori alilopanda lilipinduka karibu na Kikorongo. Asubuhi ile kikombe chake kilikuwa kando ya makaa, na waliokuja kunipa habari walikikuta pale. Sitasema zaidi kuhusu siku hiyo.

Watu walikuja kulia na mimi. Kama ilivyo kwetu, hawakuja mikono mitupu. Walileta unga, maharage, na zaidi ya vyote sukari. Matanga yalipokwisha watu wakaondoka, sukari ikabaki. Nami kila asubuhi niliamka saa ile ile, mikono ikafanya kazi yake yenyewe: makaa, maziwa, sukari, kisahani. Nilikaa nikisikiliza buti. Chai ilipoanza kupoa niliinywa, kwa sababu kuimwaga ilikuwa kama kumwaga mtu.

Mwaka ule ule mwili ulianza kugeuka. Kwanza kiu. Nilimaliza mtungi na ulimi bado umekauka. Nikawa nakojoa mara kwa mara, na mahali nilipokojoa nyuma ya kibanda, sisimizi walikusanyika kama wameitwa karamuni. Sehemu za siri ziliniwasha mpaka nikajikuna damu. Macho yakaingia ukungu. Unene wote ukaondoka, magauni yakaning’inia. Majirani walisema ni huzuni inanikausha, nami niliamini hivyo. Mwanamke akifiwa, kila kinachompata kinaitwa huzuni.

Siku moja nilikuwa napika, nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Sikuwa na nyama. Nilipotazama chini, kaa la moto lilikuwa juu ya mguu wangu wa kushoto, limelala kando ya kidole kidogo, na sikuwa nimesikia maumivu yoyote. Kidonda kile hakikupona. Kilitoa maji, kikanuka, kidole kikaanza kuwa cheusi. Nilianguka kwenye foleni ya maji, na wanawake wakanipeleka hospitali.

Walichemsha mkojo wangu katika kichupa chenye dawa ya buluu. Ukageuka rangi ya tofali. Daktari aliniambia kwamba nina ugonjwa wa sukari, kwamba ndiyo sababu mguu haukusikia moto, na kwamba sukari isiposhuka atakata mguu juu ya kifundo. Alisema polepole, akinitazama usoni.

Kisha akanipa vidonge na akaanza kunieleza chakula. Alitaja kalori, elfu moja na mia tano kwa siku. Nikamwambia simwelewi. Akaweka kalamu chini.

“Mama, gari linapewa petroli ya kwenda Katunguru na kurudi. Hiyo ndiyo petroli yako ya siku, hakuna nyingine. Ukiichoma yote jioni, asubuhi litasimama. Kwa hiyo ugawe. Asubuhi fungu lako, mchana fungu lako, jioni fungu lako. Na asubuhi ule ushibe.”

“Nishibe, na huku unanipunguzia chakula?”

“Ushibe ndani ya fungu,” alisema. “Inawezekana.”

Alinionyesha kwa ngumi yake ndizi kiasi gani, kwa upawa maharage kiasi gani. Sukari hapana kabisa. Kidonge nimeze na chakula cha asubuhi.

Nilirudi nyumbani nikafikiri nimepata njia bora kuliko yake. Jioni ndiyo iliyokuwa ngumu kwangu. Jioni wanawake walikuja kukaa nami, tukala kutoka sinia moja, na mtu aliyefiwa akikataa kula na wageni anawafukuza. Basi nikaamua: asubuhi nisile chochote, mchana nionje tu, fungu lote niliweke jioni. Niliona hesabu ni ile ile. Nilijiona hodari.

Asubuhi zile, Mungu anisamehe, sijui niziite nini. Nilimeza kidonge na maji. Baada ya muda moyo ulianza kupiga mbio. Sikuweza kukaa. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilikwenda bombani bila ndoo, nikarudi, nikasahau nilichokwenda kufanya. Jasho baridi mgongoni, midomo inakufa ganzi, mikono inatetemeka hata kisahani kililia juu ya kikombe. Ndipo nilipokaa na kunywa kile kikombe cha lindo. Mara mwili ukatulia. Mikono ikanyooka. Nikasema moyoni, Candia ananisaidia.

Niliporudi hospitali, mkojo ulikuwa bado rangi ya tofali. Daktari akakasirika. Aliuliza kama ninakula kwa siri. Nikaapa kwamba sikula sukari, na sikuwa nadanganya. Nilipohesabu vyakula vyangu, kikombe kile hakikunijia akilini. Hakikuwa changu. Daktari akasema nirudi baada ya wiki chache, na kama hali ni ile ile, nije na ndugu wa kunibeba.

Wakati huo huo kibanda kilitakiwa kwa polisi mwingine. Nilifunga vitu vyangu, kikombe nikakizungushia kanga, nikapanda basi la Bwera kwa dada yangu Masika. Njiani sikutulia, mguu ulinuka, na abiria mmoja alifungua dirisha. Tulipopita Kikorongo niliinamisha kichwa.

Masika ni mkubwa wangu. Analima kahawa na maharage, na hapendi maneno mengi. Asubuhi ya kwanza alinitazama nikimeza kidonge, nikizunguka mibuni yake huku na huku, nikirudi, nikikaa kando ya makaa na kuinua kisahani. Tulizungumza Kikonjo, lakini maneno yalikuwa haya.

“Umesema hujala kitu,” alisema.

“Sijala.”

“Na hicho?”

“Hicho ni cha Candia.”

Aliweka ungo chini. Niliona aibu ya kunywa, lakini nilikuwa natetemeka, nikanywa.

“Daktari anajua habari za chai ya Candia?” aliuliza.

Nilimjibu kwamba daktari ameuliza chakula changu, si cha Candia. Hakucheka. Alinyoosha kidole akachovya chini ya kikombe, palipobaki sukari isiyoyeyuka, akaonja. Halafu akavaa viatu na kuniambia nimfuate.

Alinipeleka kwenye dispensari alikofanya kazi nesi mmoja, Kavira, aliyekimbia vita kutoka upande wa Butembo. Kiswahili chake ni cha kule Kongo. Masika alimweleza yote mbele yangu kama mtu anayeeleza mbuzi mgonjwa. Kavira alichemsha mkojo, akanionyesha ile rangi, kisha akakaa kando yangu kwenye benchi.

“Mama, bwana yako alikufa. Hii tumbo iko ya nani?”

“Yangu.”

“Na ile chai inaingiaka mu tumbo gani?”

Niliinuka nikatoka. Nilitembea na mguu wangu uliooza mpaka njia ya kwenda mpakani Mpondwe, watu wakinipita na mizigo yao ya chumvi na vitambaa, nami nikiwa na hasira kwa kila mmoja aliyekuwa hai. Nilijua amesema kweli. Lakini nilifikiri, wakinichukulia kikombe hiki nitaamkia nini?

Mguu ulianza kutoa damu ndani ya kiatu, nikarudi. Kavira alikuwa pale pale kwenye benchi. Alinifunga kidonda upya bila kunigombeza, kisha akasema maneno ambayo nimeyaweka mpaka leo.

“Siko nakukataza kikombe. Iingize mu fungu yako. Ikisha kuingia, iko ya kwako, utaihesabu. Lakini sukari hapana. Na asubui ukule, mama. Ile kutetemeka ni njaa na kidonge, haiko muzimu ya bwana yako.”

Walikaa wawili wakanipangia, Masika akijua kilichopo shambani, Kavira akijua kipimo. Ili maziwa ya kikombe yaingie asubuhi, ndizi ya mchana ilibidi ipungue. Ili nishibe, walijaza sahani kwa vitu vinavyokaa tumboni bila kula petroli nyingi. Siku iliyofuata Masika aliweka mbele yangu sahani yangu peke yangu, si sinia ya wote: upawa wa maharage mazito, rundo la dodo, ule mchicha wetu, lililopikwa kwa nyanya na kitunguu, yai moja la kuchemsha, na kiazi kitamu kisichozidi ngumi yangu. Kando yake kikombe cha Candia, chai ya maziwa yenye tangawizi, bila sukari.

Nilionja chai nikakunja uso. Masika akasema, “Hata yeye angekunja.” Hiyo ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu Kikorongo.

Nilikula nimekaa. Sikumbuki kama niliwahi kula asubuhi nimekaa tangu niolewe. Nilitafuna polepole kwa sababu Kavira aliniambia tumbo linachelewa kupata habari. Nilimaliza, nikasubiri kutetemeka. Hakukuja. Nilisubiri mpaka jua likapanda juu ya mibuni, miguu inataka kuzunguka kwa mazoea tu, haina sababu.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Wiki ile ya kwanza nilitamani sukari mpaka nikalamba kijiko kilichokauka. Jioni nililia kwa sababu fungu la jioni lilikuwa dogo na majirani walikula bundu, ugali wetu wa muhogo, wakishiba mbele yangu. Masika aliwaambia kwa upole kwamba sahani yangu ni dawa. Mmoja alinong’ona kwamba naogopa wataniwekea sumu. Nilimeza maneno hayo nayo, hayana kalori.

Lakini kila nilipokwenda kwa Kavira, kile kichupa kilibadilika. Tofali likawa chungwa. Chungwa likawa kijani. Kidonda kikaacha kunuka, nyama nyekundu ikaanza kuota pembeni. Niliporudi kwa daktari Kasese, Masika alikuja nami kama ndugu wa kunibeba. Daktari alitazama mguu muda mrefu. Alisema atakata kidole kile kidogo kwa sababu kimekufa, na mguu utabaki. Nikamweleza habari za kikombe. Aliuliza kwa nini sikumwambia mapema, nami nikamjibu kwa kweli kwamba hakuniuliza marehemu anakula nini. Akaomba radhi kwa kunidhania. Ni mtu mwema.

Nilirudi Bwera nikitembea kwa miguu yangu miwili, vidole tisa.

Miaka imepita. Sasa sukari imekuwa adimu, watu wanapanga foleni na kusukumana dukani, mimi napita na kikapu changu cha dodo. Nashukuru Mungu. Nashukuru Masika aliyeonja chini ya kikombe, Kavira aliyerudi kukaa kwenye benchi, na daktari aliyeniambia nishibe hata kama sikumsikia.

Wenzangu, fungu lenu la siku ligaweni, na la asubuhi msiliibe kuipelekea jioni. Kidonge kisikute tumbo tupu. Anzeni na maharage na mboga, vitu vizito visivyo na haraka. Na hesabuni kila kinachopita mdomoni: mnachoonja mkipika, mabaki ya watoto, kinywaji cha mgeni asiyekuja. Tumbo haliulizi kilikuwa cha nani.

Mimi bado siwezi kulala jua likikaribia. Naamka saa ile ile, nawasha makaa, nafunika kikombe kwa kisahani, na kuna asubuhi bado nasikiliza buti. Kisha nafunua, nakaa, nakula.