Sailensa Kwenye Mashine ya Baba

Mashine ya kusaga ya baba ilikuwa na sauti yake. Huku kwetu, ukiacha barabara ya Busia pale Otonglo na kuteremka kuelekea ziwani, mwenye mashine haandiki popote kwamba amefungua. Anawasha tu. Moshi ukitoka, bomba linalia, na kila bomba linalia kivyake, maana kila mwenye mashine hulibana na kulikata mdomo mpaka lipate sauti isiyofanana na ya jirani. Mtu aliye shambani akisikia anajua ni nani anasaga leo, na anajitwika mahindi yake bila kuuliza. Ya baba ilikuwa nzito, na mwisho wa kila mpigo iliinuka kidogo kama mtu anayeuliza swali. Majirani walisema inauliza, "Umekula?"

Baba alipougua, sauti hiyohiyo ikaanza kumwumiza kichwa. Kitanda chake na mashine vilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Alimtuma kaka yangu kwenye soko la Kibuye, na fundi wa kuchomelea akatengeneza sailensa: kopo zito la chuma, lililofunika mdomo wa bomba na kukazwa kwa meno kama kifuniko cha chupa. Tangu hapo mashine ikawa inakohoa chinichini. Wateja wakapungua. Hawakugombana nasi, hawakusikia kitu, wakadhani tumefunga. Baba alifariki mashine ikiwa imezibwa mdomo, na baada ya mazishi hakuna aliyeiwasha tena.

Mwaka huu kaka alimpata mnunuzi, mzee wa Usenge aliyetaka injini ya kuvuta maji ya ziwa kumwagilia mboga. Mama hakubisha. Alinipigia simu akaniomba jambo moja: angependa kuisikia kabla haijaondoka.

"Si hiyo ya kukohoa," alisema. "Ile yenyewe."

Mimi natengeneza simu katika kibanda karibu na soko la Kibuye. Hakuna aliyenifundisha. Nimejifunza kwa video na kwa kuharibu simu zangu mwenyewe, na sijawahi kumrudishia mteja simu bila kuifungua tena mara moja kuhakikisha sikusahau skrubu. Nilimwambia mama hiyo ni kazi ndogo. Nilipokata simu nikaanza kuiwazia mabaya. Niliona bomba limekatika mikononi mwangu, mdomo ule umepasuka, na mama amesimama pale akiniambia si kitu.

Nilifika nyumbani asubuhi ya siku ambayo mnunuzi angekuja. Kaka alikuwa amekwisha kubadilisha oili na kutia dizeli mpya, na injini ilizunguka vizuri. Tatizo lilikuwa sailensa. Unyevu wa ziwa na vumbi la unga vilikuwa vimeigandisha kwenye bomba, kutu imefunika meno yote, huwezi kuona chuma kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Niliing'ang'ania kwa spana ya bomba. Haikutikisika.

Kaka alikuja na msumeno wa chuma begani. Alisema tukate bomba chini ya sailensa, mnunuzi atachomelea jingine, tumalize tukanywe chai. Nilimweleza kwamba tukikata hapo tunakata na mdomo, na bila mdomo itabaki kelele tu. Alinitazama ninavyofuta kutu kwa mswaki.

"Injinia wa simu," alisema, "unamwosha kama mtoto mchanga. Umpake na vaselini basi."

"Nishikie hapa chini."

"Mnunuzi akifika atakuta bado mnaoga."

Lakini alishika. Nililoliogopa kuliko yote ni hili: nikizungusha sailensa, bomba lenyewe lingezunguka nayo na kung'oka kwenye injini. Kwa hiyo yeye alilibana bomba kwa spana ya pili asilegeze. Nilikuwa nimechanganya dizeli na mafuta ya breki kwenye kikopo, nikadondoshea kwenye meno, nikagonga pande zote kwa nyundo ndogo ili mafuta yapenye. Nikangoja. Nikadondoshea tena. Ningeendelea kudondoshea hadi jioni, nakiri, kwa sababu wakati nangoja hakuna kitu ninachoweza kuvunja.

Mama ndiye aliyeukata huo mchezo. Alitoka jikoni na jiko lililokolea makaa akaliweka miguuni pangu.

Niliondoa tangi la dizeli, nikafuta mafuta yote, kisha nikafuta tena mahali nilipokwisha kufuta. Kaka alikata kopo la mafuta ya kimbo juu na chini tukaivisha sailensa, tukajaza makaa katikati. Nilitaka chuma cha nje kitanuke kabla cha ndani hakijapata joto. Kilipoanza kubadilika rangi tuliangusha makaa, na kwanza nikakaza kidogo badala ya kulegeza, ili kutu ivunjike. Kaka akauliza kama nimechanganyikiwa. Kisha nikavuta upande wa pili. Palitoka mlio mkavu, kama mfupa wa kuku unaovunjika, nikadhani ni bomba.

Ilikuwa ni kutu. Sailensa ikazunguka.

Tulipoivua, mdomo ukaonekana, nami nikavunjika moyo. Nilikuwa nimeubeba kichwani miaka yote hii kama kitu kizuri. Ulikuwa umepondwa upande mmoja kwa nyundo, ukakatwa mwanya wa kombo, na kwenye ncha kulikuwa na ukucha wa chuma uliokunjwa kuingia ndani. Kazi ya mtu mwenye haraka. Nilikwangua masizi, na bila kufikiri nikachukua tupa ili niulainishe ule ukucha. Mikono yangu hainiombi ruhusa ikiona kitu kimepinda.

"Hapo acha," mama alisema nyuma yangu.

"Mama, umepinda."

"Najua umepinda. Nilimshikia taa akiupinda." Alinyoosha kidole, hakuugusa. "Huo ndio unaouliza."

Niliweka tupa chini. Kaka alirudisha tangi, akaingiza hendeli, akazungusha mara kadhaa akitukana taratibu ili mama asisikie. Injini ikashika. Kwanza ilitema masizi na buibui, ikakwama, ikakohoa. Kisha ikatoa sauti yake.

Sitaweza kuieleza vizuri, na hilo linaniuma. Ilikuwa nzito, na mwisho wa kila mpigo iliinuka. Nilijikuta nikingoja baba atokee mlangoni akiwa mweupe kwa unga hadi kwenye kope, apige kelele juu ya injini kwamba anayefuata alete debe lake. Mama alikaa kwenye kizingiti, mikono imelala mapajani, akitazama bomba. Hakulia. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayejibu.

Hazikupita dakika nyingi, mama mmoja jirani akaingia uani na beseni la mahindi kichwani, amelifunika kwa leso. Nyuma yake wakaja wengine wawili, mmoja na muhogo mkavu na mtama. Yule wa kwanza aliuliza kama tumefungua tena. Kinu cha kusagia hakikuwa hata na mkanda wa kukiunganisha na injini. Tulikuwa tumeuondoa zamani.

"Leo hasagi," mama akawaambia. "Leo anaongea tu."

Hakuna aliyerudi nyumbani. Walitua mizigo yao chini, wakakaa naye.

Mzee wa Usenge alifika na pikapu wakiwa bado wamekaa. Alisikiliza injini, akaisifu, kisha akaziba sikio moja na kuuliza kama hatuna kitu cha kupunguza hizo kelele, maana shamba lake limepakana na kanisa. Kaka alinitazama. Mama naye alinitazama. Alisema polepole, "Mrudishie sailensa, nyara." Kwa lugha yetu nyara maana yake ni "binti yangu", na mama huniita hivyo akiwa ananiomba, si akiniagiza.

Injini ikazimwa. Nilisugua meno ya bomba na ya sailensa kwa brashi mpaka yakang'aa, nikayapaka grisi nyingi, nyingi kuliko inavyotakiwa, hadi ikanichuruzika kwenye vidole. Kisha nikaizungusha kwa mkono. Kaka alininyooshea spana nimalizie kuikaza. Nikamwambia imetosha.

Nilimweleza mzee kwamba akitaka kuivua siku moja, asihangaike na moto wala msumeno. Aizungushe tu kwa mkono, upande wa kushoto. Aliitikia kwa adabu, kama mtu anayeambiwa jambo ambalo hatalihitaji.