Msichana Aliyekuja Kuwa Wanja

Siku Gichuru alipomwona kwa mara ya kwanza, Chepkirui alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha Gichuru cha kuziba pancha kule Langas, sweta ya shule imefungwa kiunoni, ukungu wa Julai umemzunguka hata miguu haionekani vizuri. Alisalimia, akaweka mkoba wake juu ya tairi kuukuu, akasema, "Baba Wanja, nimekuja kuwa Wanja."

Gichuru alibaki na tyubu mkononi. Hakuwa mtu wa kuuliza maswali, kwa hiyo mtoto alijieleza mwenyewe. Mwalimu Mukhwana wa gredi ya tano alikuwa amewapa mradi: kila mmoja abadilishane majukumu na rafiki yake kwa wiki nzima. Baada ya masomo uende kwao, ufanye kazi anazofanya yeye, halafu uje ueleze darasa umejifunza nini kuhusu familia ile. Wanja, binti pekee wa Gichuru, wakati huo alikuwa ng'ambo ya mto kwa kina Chepkirui, akiwapa ng'ombe majani.

"Sasa Wanja hufanya nini hapa?"

"Hushika karai," Gichuru alisema.

Akamwonyesha. Tyubu inajazwa upepo, inazamishwa ndani ya maji, unaisukuma polepole. Mahali povu linapopanda, ndipo penye tundu. Wanja akiliona husema "hapa," na siku nyingi hilo ndilo neno pekee lililopita kati yake na baba yake mpaka chakula cha jioni. Tangu mama yake afariki nyumba ile ilikuwa imenyamaza. Cucu Virginia, mama yake Gichuru, masikio yalikuwa yamemwacha, na Gichuru mwenyewe tangu shule ya msingi, alikoishia, alijulikana kwa kutingisha kichwa tu.

Lakini Chepkirui aliuliza. Upepo ukitoka unaenda wapi? Kwa nini unanusa solusheni, hii gundi, kabla ya kubandika? Gichuru alijikuta anajibu, macho kwenye maji. Jioni zile zilikuwa kama za usingizini. Ukungu ulishuka, taa za madukani zikaelea, pikipiki zikapita kama zinajiendesha zenyewe, naye akasikia sauti ya mtu akisimulia utoto wa Timboroa, barafu nyeupe juu ya kabeji asubuhi, na njia ya msituni ambayo mama yake alimkataza kupita. Mtoto alipocheka ndipo alipojua kwamba sauti ile ilikuwa yake.

Chepkirui alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya wavulana. Alisema atakuwa rubani au kasisi, bado hajaamua. Aliosha sufuria akizigombeza kwa Kikalenjin, na siku alipoangusha kikombe alikiomba msamaha kabla hajamwomba mwenye kikombe. Cucu alimwita Wanja wiki nzima, akamwambia amenona siku hizi. "Ee, Cucu," alijibu. Gichuru hakupata kujua kama mama yake alikosea kweli au alikuwa anawatania.

Wanja mwenyewe alirudi kila magharibi akinuka maziwa, akala, akalala akitabasamu. Hakusimulia kitu. Alhamisi, akivua gambuti mlangoni, alisema Mama Chepkirui amekubali akae kule, hata kulala, mpaka shule zifungwe. Kama baba hana neno.

Gichuru alitaka kusema hapana. Akasema, "Sawa," kwa sababu ndilo neno lililozoea kutoka.

Ijumaa alibandika pachi mahali pasipo na tundu. Mwishowe, mikono ikiwa ndani ya maji, akauliza yeye.

"Wanja amependa kwenu kuliko hapa?"

"Alikuuliza kama anaweza kukaa, ukasema nini?"

"Nilisema sawa."

"Ai, Baba Wanja." Alitikisa kichwa kama mama mzee. "Alikuwa anangoja umkataze."

Gichuru alifuta mikono kwa suruali, akatoka. Kipkoech, mwenye baiskeli iliyokuwa imepinduliwa pale, alimwuliza kama anataka aiendeshe magurudumu yakiwa juu. Gichuru alikuwa ameshafika barabarani, Chepkirui akimfuata. Walivuka daraja ndani ya ukungu, na kwa mara ya kwanza Chepkirui hakuuliza kitu njia nzima.

Mama Chepkirui alimkaribisha chai. Siku nyingine Gichuru angesingizia kazi, leo aliingia. Wanja alikuwa ameketi karibu na jiko. Gichuru akaketi ukingoni mwa kiti. Watu wa nyumba ile wakangoja bila haraka, kama watu waliozoea kuongeleshwa.

"Wanja," alisema hatimaye, "mimi sitaki ukae huku. Kule nyumbani nakutaka."

Wanja aliweka kikombe chake chini. Kisha akavuta mkoba wake kutoka chini ya kiti. Ulikuwa umeshafungwa.

Shule zilipofungwa familia ya Chepkirui ilihamia Soy, ambako babake, Amos, alikuwa amepata shamba, na Gichuru hakumwona tena yule mtoto. Alibaki na yale aliyoambiwa naye jioni ile ya Ijumaa langoni mwao, Wanja akiwa ametangulia hatua chache, kwa sauti ya chini ya mtu anayekabidhi kazi:

"Njiani umuulize kuhusu ndama wetu. Hajamwambia mtu habari zake, amekuwekea wewe."