Mgeni Asiyetoka Jasho

Sikuwa na homa siku ile, wala sikuwa nimesinzia. Tena ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo hata mwoga haogopi. Anayetaka kucheka na acheke sasa, kabla sijafika mwisho.

Shemeji yangu Bahati, Mkongomani aliyemwoa dada yangu, ni kinyozi kule Point, mjini Durban. Lakini nyumbani kwake Queensburgh alikuwa akifuga chinchila. Ni mnyama mdogo wa jamii ya panya, mwenye manyoya laini kupita hariri, na asiyeweza kutoka jasho. Joto la Durban humuua upesi. Ndiyo maana chumba chao hupozwa kwa kiyoyozi. Bahati aliwachagua kwa ubora na rangi. Aliyapuliza manyoya kwa pumzi mpaka yafunguke, akazikagua tabaka zake tatu: kijivu cha kiza chini, nyeupe katikati, nyeusi nchani.

Wafugaji hawa wana mwiko mmoja: mweupe hapandishwi na mweupe, kwa kuwa baadhi ya watoto hufia tumboni. Bahati aliujua mwiko huo vyema kuliko mimi. Hata hivyo, siku ile alikuwa amechutama, amempakata jike lake jeupe, Malkia, tayari kumtia katika kizimba cha dume jeupe.

"Utawaua watoto wake," nilimwambia.

"Shemeji, weye unaogopa kama shangazi!" akacheka. "Mimi natafuta weupe ya kweli. Wakikufa wawili, watatu, nani ataona? Tumbo iko na siri yake."

Umeme ulikuwa umekatika. Chupa za barafu juu ya vizimba zilikuwa zikiyeyuka, nasi tukichuruzika jasho. Ghafla tukamwona mzee mfupi amesimama mlangoni, ilhali geti tulikuwa tumelifunga kwa kufuli. Alivaa koti zito la sufu, limefungwa hadi kooni. Koti, Durban, mwezi wa Februari! Wala usoni pake hapakuwa na tone la jasho.

"Shikamoo," nikamwamkia. Hakuitikia. Niambie wewe, ni mzee gani asiyeitikia shikamoo?

Alimkazia macho Bahati. "Wale wanaofia tumboni, huwa unawazika wapi?"

"Eish, papa! Weye ni mtu ya serikali?"

Mzee akaingia, akanyoosha mkono juu ya Malkia. Niamini: ulikuwa na vidole vinne, bila kovu wala nafasi ya cha tano. Akayapuliza manyoya yake taratibu, kama mwamuzi wa maonyesho. Kisha akainua uso, akampuliza Bahati utosini, akatazama.

"Huyu," akasema, "hafai kwa mbegu."

Upepo ukapenya dirishani, ukazifunua nywele za mzee mwenyewe. Kijivu cha kiza chini. Nyeupe katikati. Nyeusi nchani.

Umeme ukarudi, kiyoyozi kikanguruma, nami nikageuza macho mara moja tu. Nilipoyarudisha, mzee hakuwapo. Mikono ya Bahati ilikuwa ingali imekunjwa kifuani, imepakata hewa. Sakafuni, palipomwagika vumbi wanalojiogeshea wanyama wale, palikuwa na nyayo pana za mtu mzima zisizo na visigino, na kando yake nyayo ndogo zikifuatana nazo. Zote zilikomea katikati ya chumba.

Malkia hakuonekana tena. Bahati aliwagawa waliosalia, wala hazungumzi habari zao. Lakini pale alipopulizwa, kiraka kidogo cha utosini huota nywele za rangi tatu. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu hujinyoa, kila asubuhi, mlango wa saluni ukiwa umefungwa, na kufikia jioni kiraka kimerudi.

Wewe unayepandisha viumbe ili kuyafurahisha macho ya wanunuzi, usijidanganye kwamba tumbo lina siri. Na siku ya joto kali, akikujia mgeni mkavu aliyevaa koti, usimfanyie mzaha. Mtazame uliyempakata, umrudishe kizimbani mwake upesi.