Nilimwangusha mume wangu kwenye uchaguzi, sasa wanangu wanataka nimsifu

Admin, naomba ufiche jina langu na kijiji changu. Mimi ni bibi wa miaka themanini na mitano, mjane, naishi Machame. Baadhi ya wanangu wanafuatilia ukurasa huu, ndiyo maana naogopa.

Miaka ya mwanzo ya Uhuru, kabla nchi haijawa ya chama kimoja, mume wangu, nimwite Baba Eli, aligombea kiti cha baraza la wilaya. Hakugombea kwa chama kikubwa. Alipitia kichama kidogo ambacho wanachama wake huku kwetu wangeenea kwenye benchi moja. Hoja yake ilikuwa serikali imwache mtu. Ilinde amani, iamue kesi, basi. Isimpangie mkulima amuuzie nani kahawa, isiingie kwenye kihamba chake, yaani ile migomba na kahawa tuliyorithi kwa wazee. Wakati huo watu wana uhuru mpya, wanachimba barabara kwa kujitolea huku wanaimba, yeye anapita na kofia yake anawaambia, "Leo mnajitolea, kesho mtalazimishwa." Walimchukia mno. Sokoni wanawake waliacha kupanga ndizi zao karibu na zangu. Kanisani benchi letu tulibaki sisi watatu, mimi, yeye na mtoto.

Mimi pia nilimchukia, lakini si kwa hayo. Huyo aliyehubiri kwamba mtu asiamuliwe mambo yake, nyumbani aliamua kila kitu: nivae nini, nimtembelee mama yangu lini, niongee na nani njiani. Nilikuwa nimeanza darasa la watu wazima, nimeshaweza kuandika jina langu na la mwanangu. Siku moja akachukua daftari langu akalisukuma kwenye moto, chini ya chungu cha ndizi.

"Mwalimu wa serikali hatamfundisha mke wangu," akasema.

Nikamwambia, "Baba Eli, si unasema kila mtu aachwe achague mwenyewe?"

"Kila mwanamume, Mama Eli."

Wiki moja kabla ya kura alifanya mkutano kwenye kiwanja cha soko. Aliniamuru nikae mbele ili watu waone ana familia. Aliongea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Hata waliokuja kuzomea walianza kutulia. Ndipo mama mmoja muuza maziwa akasimama. "Wewe tumekusikia, baba. Sasa tumsikie mkeo. Mama Eli, huko nyumbani kwako serikali ni ndogo?"

Ningeweza kucheka tu yakaisha. Nikasimama. Nikasema, "Nyumbani kwangu serikali ni huyu, na hajawahi kuniuliza kitu. Nilikuwa najifunza kusoma, akachoma daftari langu. Msimpe na wilaya."

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Kicheko kikawa kuzomea, kisha yakaanza kurushwa maganda na matope. Alishuka kwenye meza aliyosimamia, akapita mbele yangu bila kunitazama.

Alishindwa vibaya, na hawakuishia hapo. Asubuhi moja tulikuta mibuni yetu, safu tatu za upande wa njia, imekatwa kwa panga. Mfereji wetu wa maji ukazibwa huko juu, na hakuna mzee aliyekubali kututetea. Hayo sikuyataka jamani. Nilitaka tu asishinde. Nilimkuta amechuchumaa anagusa kisiki kimoja kimoja, nikamwambia pole. Akanijibu, "Hawa nilijua wananichukia. Wewe sikujua."

Hakunipiga. Tuliishi miaka mingi, tukazaa na wengine wawili, lakini hakuniamuru tena wala kuniuliza kitu. Nilirudi darasani, hakunizuia. Miaka ikaenda, vyama vingine vikafutwa, baadaye hata ushirika wetu wa kahawa ukavunjwa kwa amri kutoka juu, kahawa ikawa ya kuiuzia serikali tu, kama alivyoonya. Tangazo liliposomwa redioni alinitazama kidogo, akaendelea kula. Afadhali angenitukana.

Wanangu waliambiwa na watu kwamba baba yao aliangushwa kwa hila za chama kikubwa. Sikuwahi kuwasahihisha, na waliokuwepo sokoni siku ile karibu wote wameshakufa. Sasa Desemba wakipanda nyumbani wote kwa Krismasi watamjengea kaburi upya, wamealika mchungaji na ukoo mzima. Eli amenipigia simu: "Mama, wewe ndiye utaongea. Utuambie jinsi ulivyosimama naye wakati kila mtu amemkimbia."

Nikisema ukweli, nitakuwa nimemwaibisha hadharani mara ya pili, na safari hii hawezi hata kunijibu. Nikidanganya, nitamsifu mbele ya mchungaji mtu ambaye mpaka leo, Mungu anirehemu, nikimkumbuka nakunja uso. Nanyi mnaotaka kunitukana, tukaneni, ila mkimaliza mnijibu: siku hiyo wakinipa kipaza sauti, niseme nini?